UZI: Hii mikutano ya wataalamu wa dunia kuhusu hatari za teknolojia mpya, mtu wa Umalila inamhusu nini?

#1 Binti Umalila (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Naenda moja kwa moja.

Mwezi wa pili mdogo wangu alipiga picha majani ya viazi kwa simu. Tuna nusu eka kule juu Umalila, Mbeya, ukipita Ilembo. Majani yalikuwa na mabaka ya kahawia pembeni, yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Programu yenyewe ni ya bure, aliwekewa na kijana mmoja kwenye semina. Ikamjibu kwa Kiswahili safi kabisa: upungufu wa potashi, ongeza mbolea. Dogo akaamini. Hela ya dawa ya ukungu akanunulia mbolea.

Siku ya tano nikapanda shamba mwenyewe asubuhi, bado kuna ukungu wa hewani huoni hata mti wa jirani. Nikageuza jani. Chini kuna utando mweupe kama vumbi la unga wa muhogo. Na ile harufu, aliyewahi kulima viazi anaijua. Mama yangu hana simu ya kupangusa, na alikuwa ameshageuza la kwake kabla sijafungua mdomo. Tumevuna gunia nne mahali tunapotoaga ishirini.

Sasa juzi redio inasema wataalamu wa dunia wanakutana kujadili hatari za akili mnemba (AI). Nikaingia mtandaoni kusoma. Silaha zinazojiendesha, vijidudu vya kutengenezwa maabara, mashine kumzidi binadamu akili. Sawa. Jani la kiazi sijaliona popote.

Naomba kujua: hii mikutano ilianza lini, wa kukaa pale anachaguliwa na nani, na imewahi kumfikia mtu wa kijijini ikamsaidia kitu?

#2 Kijana wa Mafiati
Siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

#3 Lumbesa
Dada pole kwa viazi. Jibu ni fupi: posho. Wanakutana, wanakula, wanapiga picha ya pamoja, wanatoa tamko. Tamko lenyewe ni lumbesa, limejazwa mpaka juu limefungwa na kamba, ukimimina unakuta ni debe sita zile zile.

#4 Dereva wa Mradi
Lumbesa hapo juu anatania ila mimi nina ushahidi. Nimeendesha magari ya miradi miaka kumi na moja, Iringa, Njombe, Mbeya mpaka Tunduma. Kuna mwaka nilitumwa uwanja wa Songwe kupokea wageni wa mkutano wa siku tatu. Kwenye buti nimepakia maboksi toka ofisini. Boksi moja likapasuka njiani, nikashuka kupanga karatasi. Kichwa cha habari: MAAZIMIO YA MKUTANO. Yamechapwa, yana namba, moja mpaka tisa. Na mkutano unafunguliwa kesho yake saa tatu asubuhi.

Niliyarudisha kwenye boksi nikafunga na gundi. Siku ya tatu nikayasikia yanasomwa, na watu wakapiga makofi.

#5 Kijana wa Mafiati
😂😂 Buti limesema kweli.

#6 Mwalimu wa Fizikia
Dereva, hayo ni ya warsha zetu. Swali la dada ni la mikutano mikubwa, tuanzie huko.

Ya namna hii inayokumbukwa zaidi ni ya bomu la nyuklia. Mwaka 1955 mwanafalsafa Bertrand Russell na mwanafizikia Albert Einstein walitoa waraka wa kuwataka wanasayansi wa pande zote mbili, Magharibi na Urusi, wakae pamoja kabla dunia haijaungua. Mwaka 1957 wakakutana wanasayansi 22 kutoka nchi 10 kwenye kijiji kimoja cha pwani huko Kanada, kinaitwa Pugwash. Hakuna aliyetumwa na serikali yake, kila mtu alikwenda kama nafsi yake. Alichaguliwa na nani? Na wenzake tu. Einstein naye alikaa pale akachangia sana. Umoja wao huo pamoja na mwanafizikia Joseph Rotblat walipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1995.

#7 Nesi Mstaafu
Mwalimu, Einstein alifariki Aprili 1955. Huko Pugwash 1957 alikwenda na usafiri gani?

#8 Mwalimu wa Fizikia
Dah. Sahihi mama. Alitia saini ule waraka siku chache kabla ya kufa, na ukatangazwa Julai akiwa ameshazikwa. Nafuta kauli. Mengine yabaki.

#9 Mtu wa Kyela
Kijiji cha pwani, wazee 22, wanaongea mustakabali wa dunia. Hiyo si Matema kabisa? Mchanga upo, samaki wapo, mchele wetu upo. Tuitishe Azimio la Matema tukomeshe hizi programu za simu.

#10 Lumbesa
Matema nakuja, mradi nauli mnarudisha.

#11 Jeni na Jembe
Nichangie kidogo maana ni eneo langu (nilisoma baiolojia ya molekuli, sasa hivi nauza parachichi Tukuyu, maisha ndivyo yalivyo).

Mkutano ambao kila mtu wa akili mnemba anautaja kama baba wa mikutano yote ni Asilomar, California, Februari 1975. Wanasayansi walikuwa wamegundua namna ya kukata kipande cha vinasaba vya kiumbe kimoja na kukiunga kwenye kingine. Wakaogopa. Mwaka mmoja kabla, Paul Berg na wenzake waliandika barua hadharani wakiomba aina fulani za majaribio zisimame kwanza. Zikasimama. Ndipo watu kama 140 wakakusanyika Asilomar kukubaliana masharti: jaribio la hatari ndogo lifanyike kwenye maabara ya kawaida, la hatari kubwa kwenye maabara iliyofungwa, na vijidudu viwe dhaifu kiasi kwamba vikitoroka vinakufa. Mwaka 1976 serikali ya Marekani ikatoa mwongozo rasmi uliotokana na hapo.

Ila kuna kitu huwa hakisimuliwi. Siku zile walibishana sana, kila mmoja anatetea jaribio lake. Waliowatuliza ni wanasheria waliokuwa wamealikwa. Jioni moja wakasimama wakawaeleza kwa lugha nyepesi: mkimwambukiza mfanyakazi wa maabara, mtashtakiwa, na mtalipa. Kesho yake hoja zikaanza kukubaliana 😀. Kwa hiyo anayesema wataalamu walijizuia kwa hekima yao tu, amwongezee na hofu ya mahakama.

#12 Binti Umalila
Hapo nimeelewa kitu. Kumbe waliacha kubishana walipoona watalipa. Aliyetengeneza programu ya dogo analipa nini?

#13 Jeni na Jembe
Nadhani unajua jibu dada.

#14 Mnyalukolo
Kamwene wote. Jeni na Jembe mbona husemi ya hapa nyumbani? Uyole pale kituo cha utafiti walipanda GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba) miaka ile na watu wakala. Mahindi yale ya UH6303 ni ya kutengenezwa maabara, bibi yangu alikataa kabisa kuyapanda.

#15 Jeni na Jembe
Hapana ndugu yangu, na hili linarudiwa sana. UH6303 ni chotara. UH ni Uyole Hibridi. Wamechukua mahindi baba na mahindi mama wakapandisha kwa chavua shambani, kazi ya miaka mingi ya mikono na mifuko ya karatasi juu ya mbelewele. Hakuna aliyekata kinasaba. Ubaya wake kwa bibi ni kwamba ukirudishia mbegu ya msimu uliopita unapata mchanganyiko, na hilo ni suala la mfuko wake tu.

Majaribio ya mahindi ya GMO nchini yalifanyika Makutupora, Dodoma, kwenye eneo lililozungushiwa uzio, kuanzia mwaka 2016. Novemba 2018 serikali ikaamuru yasimame na mabaki yateketezwe. Mbeya hayakufika.

#16 Mnyalukolo
Nimeelimika. Ila bibi hashindwi, mwambie wewe mwenyewe.

#17 Mzee wa Makambako
Vijana mnaongea kana kwamba Mwafrika alikuwa anatazama tu. Mmesikia Itifaki ya Cartagena? Hiyo ndiyo inayosema nchi ina haki ya kukataa mbegu au kiumbe kilichobadilishwa vinasaba hata kama ushahidi wa madhara haujakamilika. Walitaka kuipitisha Cartagena, Kolombia, mwaka 1999, ikakwama. Wauzaji wakubwa wa nafaka wakiongozwa na Marekani na Kanada walikuwa upande mmoja, nchi zetu upande mwingine. Msemaji wa upande wetu alikuwa Mwethiopia, Tewolde Berhan Gebre Egziabher, mtaalamu wa mimea. Alikuwa haondoki mezani. Itifaki ikapita Montreal, Kanada, Januari 2000, ikaanza kazi 2003, na Tanzania ni mwanachama.

Sasa niambieni, yale mahindi ya Makutupora yaliwekewa uzio kwa sababu gani? Sheria na kanuni zetu zilitoka mle. Kwa hiyo mtu wa kijijini ameshafikiwa, ila hajui.

#18 Kijana wa Mafiati
Shikamoo mzee. Kwa hiyo tukiwa na mtu mbishi wa kutosha tunashinda?

#19 Mzee wa Makambako
Marahaba. Mbishi anayesoma karatasi usiku. Wabishi watupu tunao tele.

#20 Fundi Friji Mwanjelwa
Mimi sijasoma sana lakini nina mfano ulionipitia mkononi. Nilipoanza ufundi friji zilikuwa na gesi ya R12. Friji ikija imegoma, unafungua valvu, psssss, gesi yote hewani, unajaza mpya. Tulikuwa tunavuta sigara pembeni. Halafu R12 ikaanza kuadimika, ikapanda bei, ikaja R134a. Tukaitwa semina, tukafundishwa kunyonya gesi kwenye mtungi badala ya kuachia. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa kuna mkataba, Itifaki ya Montreal ya 1987, ile gesi inatoboa ozoni.

Mkutano wa Kanada ukabadilisha mtungi wangu Mwanjelwa. Huo ni ukweli nimeuona.

#21 Lumbesa
Fundi swali: semina ilikuwa na posho?

#22 Fundi Friji Mwanjelwa
Chai, andazi na nauli. Na geji moja nzuri ninayo mpaka leo.

#23 Mwalimu wa Fizikia
Mfano wa fundi ni mzuri ila usitupeleke haraka. Montreal ilifanikiwa kwa sababu waliotengeneza gesi walikuwa wachache, kampuni za kuhesabika, na walikuwa wanaona mbadala wa kuuza. Pia kulikuwa na mfuko wa kuzisaidia nchi maskini zibadilishe. Mwisho nchi zote za Umoja wa Mataifa ziliridhia. Akili mnemba nani anaachia nini? Hakuna gesi nyingine ya kuuza badala yake. Anayesimama anaona mwenzake anampita.

Halafu fundi, hata hiyo R134a inapunguzwa taratibu, maana inapasha dunia joto. Yalikubaliwa Kigali, Oktoba 2016.

#24 Fundi Friji Mwanjelwa
Naijua. Ndiyo maana siku hizi friji mpya zinakuja na R600a, na hiyo inawaka moto. Sigara nimeacha.

#25 Mtu wa Kyela
Kigali tena? Aprili 2025 walifanya na mkutano wa akili mnemba wa Afrika nzima, hapo hapo. Sisi tuna Arusha, kuna ukumbi mkubwa umekaa. Tunazidiwa wapi?

#26 Dereva wa Mradi
Barabara za lami mpaka mlangoni na hakuna anayekusimamisha njiani. Nimewapeleka wageni mpaka Rusumo, mpakani na Rwanda, najua.

#27 Mkalimani wa Kihesa
Nimesoma uzi wote. Mimi kazi yangu ni kutafsiri kwenye hiyo mikutano midogo anayoisema Dereva, Iringa na Njombe. Nataka kueleza jambo moja ambalo naliona kila mara na hakuna anayelizungumza.

Mtaalamu anasimama anasema kwa Kiingereza maneno mawili tofauti. Moja, hazard, ni kitu chenyewe chenye madhara, mfano dawa ya kuulia wadudu. La pili, risk, ni uwezekano wa hicho kitu kukudhuru wewe, na kwa ukubwa gani. Sisi mitaani tuna neno moja, hatari. Nikitafsiri yote mawili "hatari", mkulima anasikia: hii kitu ni hatari, hii kitu ni hatari. Maofisini wameleta "kihatarishi" na "vihatarishi", nimejaribu. Mama mmoja wa Kilolo akaniuliza kihatarishi ni hatari ndogo, kama kijiko na jiko? Ukumbi mzima ulicheka, na mimi sikuwa na jibu.

Siku moja mtaalamu alisema kwa nia njema kabisa kwamba hatari ya droni ya kupulizia dawa ni ndogo. Nikatafsiri hivyo. Kikundi chote kikaandika kwenye daftari: droni ni hatari, ndogo. Walipoleta droni watoto wakafungiwa ndani.

Kwa hiyo dada anapouliza nani anakaa kule kwa niaba yake, mimi nauliza na hiki: hata akikaa yeye, atasikia nini?

#28 Kijana wa Mafiati
"Droni ni hatari, ndogo" 😂 naweka kwenye stetasi.

#29 Mnyalukolo
Na hapo bado hatujakubaliana ni akili mnemba, akili bandia au akili unde.

#30 Mkalimani wa Kihesa
Usianze. Nitashindwa kulala.

#31 Nesi Mstaafu
Nami niseme langu. Mwaka 1964 madaktari wa dunia walikutana Helsinki, Finland, wakaweka tamko kuhusu utafiti unaofanywa kwa binadamu. Sasa hapa Mbeya yamefanyika majaribio ya chanjo ya Ukimwi, na mdogo wangu wa mwisho alijitolea. Nilimsindikiza siku ya kusaini. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiswahili, kurasa nyingi. Hakuruhusiwa kusaini tu. Aliulizwa maswali: ukitaka kuacha katikati utafanya nini? Je, hii chanjo inakukinga? Akajibu ndiyo inanikinga. Wakamrudisha. Wakaanza kumweleza upya kwamba bado ni majaribio, asije akaacha kujikinga. Alisaini siku ya pili.

Yule binti wa fomu labda hajui Helsinki iko wapi. Lakini lile swali alilomuuliza mdogo wangu lilitoka kule. Kwa hiyo Lumbesa, posho ipo, sikatai, lakini si yote.

#32 Lumbesa
Mama nimekusikia. Narudisha maneno nusu gunia.

#33 Binti Umalila
Mama umenigusa. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta. Kwa nini dawa inaulizwa maswali yote hayo kabla ya kumgusa mtu mmoja, na programu inawekwa kwenye simu za kijiji kizima hakuna anayeuliza "je, hii inakukinga"?

#34 Jeni na Jembe
Kuhusu programu za majani, kuna utafiti wa 2016 unaojulikana sana. Waliifundisha kompyuta kwa picha zaidi ya 54,000 za mkusanyiko wa PlantVillage, mazao 14, magonjwa 26. Ikapata zaidi ya asilimia 99. Vyombo vya habari vikashangilia. Wale wale watafiti, na hapa nawasifu, wakaandika kwamba walipoijaribu kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti na yale ya mafunzo, ikashuka mpaka kama asilimia 31.

Sababu ni rahisi. Zile picha nyingi ni jani moja limechumwa, limelazwa juu ya karatasi, mwanga safi. Shambani Umalila jani lina tope, kuna ukungu, kivuli cha mkono wa dogo, na majani matatu nyuma. Ya dogo ilifundishwa na nini hatujui, lakini hadithi inafanana.

Kwa hiyo si lazima mtu awe na nia mbaya. Hakuna aliyeipima huko inakotumika.

#35 Mwalimu wa Fizikia
Tukubaliane basi kwamba kuna mikutano na mikutano. Ya sasa hivi ya akili mnemba mlolongo wake ni huu: Novemba 2023 Bletchley Park, Uingereza, pale walipovunja mafumbo ya Wajerumani wakati wa vita. Nchi 28 na Umoja wa Ulaya wakatia saini, Marekani na China meza moja. Afrika zilikuwemo Kenya, Nigeria na Rwanda. Sisi hatukuwemo. Mei 2024 Seoul. Februari 2025 Paris, ambako Marekani na Uingereza yenyewe iliyoanzisha wakakataa kusaini. Februari 2026 New Delhi.

Angalieni majina. Wa kwanza uliitwa wa usalama. Wa Paris ukaitwa wa vitendo. Wa Delhi, wa matokeo. Neno usalama limeshushwa kituo gani?

#36 Dereva wa Mradi
Lilishuka Paris, mimi ningeliona kwenye buti.

#37 Mzee wa Makambako
Mwalimu ongezea na ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa ya 2024. Walichukua mipango saba mikubwa ya kusimamia akili mnemba nje ya Umoja wa Mataifa. Nchi 7 tu ndizo zilikuwa kwenye yote. Nchi 118 hazikuwa hata kwenye mmoja. Ndipo 2025 Baraza Kuu likaamua kuunda jopo la wanasayansi 40 wa dunia nzima. Sisi tupeleke mtu mbishi.

#38 Kijana wa Mafiati
Naunga mkono hoja ya mtu mbishi, lakini mbona hata sheria zikija zinaishia Dodoma kwenye droo? Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022. Mimi nimekopa elfu thelathini kwenye programu ya simu, nilipochelewa siku mbili wakampigia mama mkwe. Mama mkwe! Namba wameitoa wapi? Kwangu mimi shida si mkutano wa Bletchley, shida ni kwamba hakuna wa kumpigia simu.

#39 Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Mkwe amesemaje?

#40 Kijana wa Mafiati
Alilipa yeye. Ndiyo mbaya zaidi.

#41 Mkalimani wa Kihesa
😂 Hicho ni kihatarishi.

#42 Jeni na Jembe
Hoja ya Kijana ina uzito, na kuna upande wa pili pia. Mikutano bila meno kuna mtu anaivuka tu. Mwaka 2015 wataalamu walikutana Washington wakasema kuhariri vinasaba vya mtoto atakayezaliwa bado isifanyike mpaka usalama uthibitike na jamii ikubali. Novemba 2018, siku chache kabla ya mkutano wa pili Hong Kong, ikafahamika kwamba mwanasayansi He Jiankui wa China ameshafanya, mapacha wameshazaliwa. Akapanda jukwaani kwenye mkutano huo huo akaeleza. Aliyemfunga miaka mitatu ni mahakama ya kwao, mkutano ulitoa tu tamko la kulaani.

Halafu dada, swali lako la nani anakaa. Baada ya Asilomar, mwaka 1976, chuo cha Harvard kilitaka kujenga maabara ya hayo majaribio katika mji wa Cambridge, Massachusetts. Meya, Alfred Vellucci, akasema mwongozo wa wataalamu nimeusikia, lakini maabara inajengwa kwangu. Baraza la madiwani likasimamisha kwa miezi mitatu, likaunda kamati ya wananchi wa kawaida, wasio wanasayansi. Wakawahoji maprofesa kwa miezi. Mwisho waliruhusu, ila kwa masharti yao ya ziada, na 1977 ikawa sheria ndogo ya mji. Madiwani!

#43 Mtu wa Kyela
Diwani wangu nikimpelekea hili ataniuliza kama kuna kiwanja.

#44 Lumbesa
Diwani wako angalau anapokea simu.

#45 Mwalimu wa Fizikia
Cambridge ni mji wa maprofesa, wananchi wake wa kawaida si wa kawaida sana. Na maabara ni jengo, diwani anaweza kufunga geti. Programu ya dogo ina geti wapi?

#46 Mnyalukolo
Geti ni yule kijana wa semina aliyewawekea. Aliruhusiwa na ofisi ya kijiji, si ndiyo? Basi aulizwe pale.

#47 Binti Umalila
Mnyalukolo umesema kitu. Alikuja na barua, mwenyekiti akagonga muhuri. Hakuna aliyeuliza, na mimi nilikuwepo nakula soda.

#48 Dereva wa Mradi
Wadau, Jumatano napokea wageni Songwe, semina ya teknolojia za kidijitali kwenye kilimo. Mmoja anatoka Ulaya, nasikia ndiye mwenye mambo ya picha za majani. Dada kama shamba la jirani bado lina ukungu, tuma jani kwa Noah za asubuhi, nitalichukua Mbalizi. Usilikaushe, weka kwenye kikopo na kitambaa kibichi.

#49 Binti Umalila
Ndaga sana kaka. Nimemkabidhi konda kikopo, kina kifuniko chekundu. Na buti usisahau kuangalia.

#50 Dereva wa Mradi
Mrejesho. Buti: mabegi manne, boksi la fulana, kalamu. Maazimio hayakuwemo.

#51 Lumbesa
Siku hizi yanatumwa kwa barua pepe.

#52 Dereva wa Mradi
Kikopo nilimpa mgeni tulipofika Mafiati kwenye foleni. Amefurahi kweli, mtu mnyenyekevu, akaniuliza shamba liko mwinuko gani na mvua ilianza lini. Akalilaza jani gotini kwake, akatoa simu, akalipiga picha.

#53 Binti Umalila
Upande gani?

#54 Dereva wa Mradi
Wa juu.

#55 Binti Umalila
Mwambie aligeuze!

#56 Dereva wa Mradi
Nimeshamshusha hotelini dada. Kesho saa moja namfuata.